Mbio za wikiendi baada ya miaka hamsini: kukimbia Jumapili, kushuka ngazi Jumatatu

Nilianza kukimbia nikiwa na miaka 53. Sasa nina 64, na daftari langu lina mbio 71 za barabarani: nyingi ni za kilomita 10, nusu marathoni ni 19, marathoni kamili ni mbili. Kazi yangu ilikuwa uhasibu hadi nilipostaafu, kwa hiyo kuandika hakunipi shida. Naandika umbali, muda, viatu nilivyovaa na saa nilizolala. Kisha naacha mstari mmoja wazi, ambao naujaza kesho yake. Una swali moja tu: Jumatatu asubuhi nimeshukaje ngazi?

Nikishuka wima, mguu huu kisha ule, bila kugusa ukuta, basi mbio zilikuwa nzuri hata kama muda wangu haukunifurahisha. Nikishuka kiubavu huku nimeshika ukuta, kuna kosa nililifanya Jumapili, na mara nyingi najua ni la kilomita ipi. Mengi nitakayokueleza hapa nimeyapata kwenye mstari huo.

Pumzi hutangulia, kano hufuata

Mtu aliyeanza kukimbia, au aliyerudi, baada ya hamsini hudanganywa na pumzi yake. Moyo na mapafu huitikia mazoezi ndani ya wiki chache. Kano na mifupa huchukua miezi, na kwa umri wetu miezi hiyo huongezeka, maana kano hupungua mnyumbuko kadiri miaka inavyokwenda na damu inayozifikia ni kidogo. Wiki ya nane nilikuwa naweza kilomita tano bila kutembea hata hatua moja. Nikajiona tayari. Nikajiandikisha kilomita 10, nikasimama mstari wa mbele pamoja na vijana, na bastola ilipolia nikaondoka nao. Kilomita ya tatu shavu la mguu wa kushoto likashtuka ndani kwa ndani kama uzi uliokatika. Nilikaa wiki tisa bila kukimbia, na wiki mbili za kwanza hata kutembea kulikuwa kwa kuchechemea. Pumzi yangu siku ile haikuwa na tatizo lolote.

Kwa hiyo kama unaanzia sifuri, jipe miezi minne kabla ya mbio zako za kwanza, na ziwe za kilomita 5. Ongeza umbali kidogo kidogo, na kila wiki ya nne upunguze hata kama unajisikia mwepesi. Hasa ukijisikia mwepesi.

Siku nyingi za mazoezi kimbia kwa mwendo ambao unaweza kumsimulia mwenzako kisa kizima bila kukatisha sentensi. Siku moja tu kwa wiki ndiyo ya kasi, iwe ni kupanda kilima mara sita au dakika tatu tatu za haraka. Ed Whitlock wa Kanada alikimbia marathoni ya Toronto mwaka 2004 akiwa na miaka 73 kwa saa 2:54:48, na mwaka 2016, akiwa na 85, akaimaliza ya mji huohuo kwa 3:56:34. Mazoezi yake aliyafanya makaburini karibu na kwake, akizunguka polepole kwa saa nyingi, na kasi akaiweka kwa ajili ya siku za mashindano. Sina miguu ya Whitlock, lakini mpangilio huo hata mimi naumudu.

Ukitumia saa ya kupima mapigo ya moyo, itakuambia kiwango chako cha juu ni 220 ukitoa umri. Kwa mtu wa miaka 60 ni 160. Kanuni nyingine, iliyochapishwa mwaka 2001, inasema 208 ukitoa asilimia 70 ya umri, nayo inampa mtu huyohuyo 166. Zote mbili ni wastani wa watu wengi. Wako unaweza kupishana nazo kwa mapigo kumi au zaidi. Na kama unameza dawa za presha za aina ya vizuia beta, saa hiyo isikutawale kabisa, kwa sababu dawa zenyewe hushusha mapigo. Rudi kwenye kipimo cha kisa.

Dakika ishirini ambazo wengi wanaziruka

Ningekuwa na uwezo wa kumlazimisha kila mkimbiaji mwenye mvi afanye jambo moja, lingekuwa hili: mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki. Misuli hupungua kila muongo baada ya miaka thelathini, na baada ya sitini huondoka kwa kasi zaidi. Kukimbia peke yake hakuizuii. Kwetu wanawake, baada ya hedhi kukoma, mifupa nayo hupoteza uzito, na mzigo unaoshuka juu yake ni sehemu ya kinachoifanya ijijenge.

Sihitaji ukumbi wala mashine. Nasimama kwenye ngazi, nusu ya mbele ya nyayo ikiwa imekanyaga na visigino vikining'inia. Napanda kwa miguu yote miwili, nahamishia uzito mguu mmoja, kisha nashusha kisigino polepole nikihesabu hadi nne. Mara kumi na tano kwa kila mguu, goti likiwa limenyooka. Halafu mara kumi na tano nyingine goti likiwa limekunjwa kidogo, kwa sababu msuli wa chini wa shavu la mguu hufanya kazi zaidi goti likikunjwa. Zoezi hili la kushusha kisigino lilipata umaarufu kupitia daktari wa Sweden, Håkan Alfredson, aliyechapisha mwaka 1998 matokeo ya wakimbiaji waliokuwa na maumivu ya muda mrefu ya kano ya kisigino. Wao walifanya seti tatu za mara 15, mara mbili kwa siku, wiki 12. Mimi nafanya kidogo kuliko hapo, kwa kujikinga, na tangu nianze shavu la mguu halijanikatikia tena.

Baada ya hapo nakaa kwenye kiti na kusimama bila kutumia mikono, mara kumi na mbili, nikishuka taratibu kuliko ninavyopanda. Nikipiga mswaki nasimama kwa mguu mmoja, wa kulia asubuhi, wa kushoto usiku. Zoezi hilo halikuongezei kasi. Faida yake utaiona siku utakapokanyaga chupa ya maji iliyotupwa kilomita ya nane na mwili ukajishika.

Daktari, na neno kuhusu kifua

Kabla ya kurudi kwenye mashindano, nenda ukapimwe presha, sukari na umeme wa moyo, na mwambie daktari waziwazi kwamba unataka kushindana. Kukimbia kwenyewe si hatari kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulihesabu washiriki milioni 10.9 wa marathoni na nusu marathoni nchini Marekani kuanzia 2000 hadi 2010, ukakuta watu 59 ambao moyo ulisimama wakati wa mbio au muda mfupi baadaye. Ni wachache sana. Lakini moyo huo ukiwa wako au wa mwenzako, hesabu haina faraja.

Mwenzangu mmoja wa mazoezi, mwanamume wa miaka 59, kwa wiki tatu alikuwa akihisi mkazo kifuani kila tulipopanda kilima, unaopotea tukifika juu. Alisema ni gesi. Nilimwambia mbele ya mkewe kwamba sitakimbia naye tena hadi aonwe na daktari. Mshipa mmoja wa moyo ulikuwa umeziba sehemu kubwa. Alizibuliwa, na baada ya miezi kadhaa akarudi barabarani kwa idhini ya daktari. Maumivu au mkazo wa kifua unaokuja ukijitahidi na kuondoka ukipumzika, kizunguzungu, kukosa pumzi kusiko kwa kawaida yako: hayo hayakimbiliwi hata mita mia.

Si kila wikiendi ni ya kushindana

Hapa ndipo wenzangu wengi wanapoharibikiwa. Kuna mbio Jumamosi hii, nyingine Jumapili ijayo, marafiki wote wanakwenda, na kila moja unaikimbia kama fainali.

Jack Foster wa New Zealand alianza kukimbia akiwa amevuka thelathini, na mwaka 1974, akiwa na miaka 41, alikimbia marathoni kwa 2:11:19 na kupata fedha kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Yeye alikuwa na kanuni: kwa kila maili uliyoshindana, jipe siku moja bila kushindana wala kufanya zoezi kali. Kilomita 10 ni maili sita na kidogo, basi ni siku sita. Nusu marathoni ni siku 13. Marathoni ni siku 26. Nilipovuka sitini nikaongeza nusu yake juu: siku tisa kwa kilomita 10, na takriban wiki tatu kwa nusu marathoni. Daftari langu linaniunga mkono. Kila nilipokiuka, muda wa mbio zilizofuata ulikuwa mbaya, na mara mbili niliishia kwa mtaalamu wa tiba ya viungo.

Hiyo haimaanishi ukae nyumbani wikiendi nyingine. Nenda, vaa namba, kimbia kwa mwendo wa kisa na mtu anayeanza. Mimi kwa mwaka nachagua mbio nne za kushindana kwa nguvu zangu zote na kuziandika kwa wino mwekundu. Zilizobaki ni za wino wa bluu, na nikishajiandikia bluu sibadilishi rangi njiani, hata akinipita mtu ninayemfahamu.

Kabla ya kulipia, angalia muda wa mwisho wa kumaliza. Nusu marathoni yenye kikomo cha saa tatu inakutaka uende dakika 8 na sekunde 32 kwa kila kilomita, tangu mwanzo hadi mwisho, foleni ya chooni ikiwemo. Angalia pia ramani ya miinuko, hasa miteremko. Na uliza kama matokeo yanagawanywa kwa umri. Katika riadha ya wakongwe makundi huanzia miaka 35 na kupanda kwa mitano mitano, kwa hiyo mwaka unaofikisha 60 au 65 ni zawadi: unaingia ukiwa mdogo kuliko wote kundini.

Kuna pia asilimia ya umri, ambayo naipenda kuliko medali. Wanachukua muda wa kiwango cha juu duniani kwa umri na jinsia yako, wanaugawanya kwa muda wako. Ukipata 60 hivi wewe ni mkimbiaji mzuri wa mtaani, 70 unashindana kimkoa, 80 kitaifa. Muda wangu wa kilomita 10 umeongezeka dakika nne tangu nilipokuwa na 56, lakini asilimia imepanda. Niliilia machozi nilipoihesabu mara ya kwanza, maana nilikuwa nimeshajiona ninashuka tu.

Wiki yenyewe

Punguza mazoezi kwa theluthi moja kwa kilomita 10. Kwa nusu marathoni anza kupunguza siku kumi kabla. Bakiza vipande vifupi vya kasi ili miguu isisahau. Usingizi wa usiku wa kuamkia mbio mara nyingi huja kidogo, kwa hiyo lala vizuri usiku wa kuamkia siku ya kabla yake. Usivae kitu kipya. Usile kitu ambacho tumbo lako halijakizoea. Viatu vikishapita kati ya kilomita 500 na 800 vistaafishe, hata kama juu bado vinang'aa.

Usimeze ibuprofeni au dawa za jamii yake kabla ya mbio ili kuzuia maumivu yanayokuja. Ukikimbia, damu inayokwenda kwenye figo hupungua, na dawa hizo huongeza mzigo juu yake. Pamoja na upungufu wa maji na dawa za presha, figo zinaweza kuumia. Goti linalohitaji kidonge ili lianze mbio halina kazi ya kufanya kwenye mbio hizo.

Asubuhi ya mbio

Fika dakika tisini kabla ya mbio kuanza. Choo kwanza, na ukishatoka rudi mwisho wa foleni, kwa sababu utakihitaji tena. Nasema hili bila aibu: wanaume wengi wa umri wetu wana tezi dume iliyotanuka, wanawake wengi tuliozaa mkojo hututoka tukikimbia. Pedi nyembamba inatosha, na mazoezi ya kubana misuli ya nyonga kwa miezi michache yamewasaidia wengi, mimi nikiwemo. Nimeona wanawake wakiacha kukimbia kwa ajili ya jambo hili bila kumwambia mtu. Msiache.

Pasha mwili moto kwa dakika kumi na tano, anza kwa kutembea. Kijana anaweza kutoka kitini na kukimbia. Kano zetu zinataka joto. Paka mafuta ya mgando kwapani, mapajani na katikati ya vidole. Namba ifungwe kifuani kwa pini nne, na nyuma yake andika jina la mtu wa kupigiwa, dawa unazotumia na mzio ulio nao.

Simama nyuma, pamoja na watu wa mwendo wako. Chipu, kile kidude cha kupima muda unachokimbia nacho, huanza kuhesabu unapokanyaga mkeka wa kuanzia, kwa hiyo dakika mbili za kusubiri hazikupunguzii kitu, isipokuwa unawania zawadi, maana baadhi ya mashindano hupanga washindi kwa muda unaohesabiwa tangu bastola ilipolia.

Barabarani

Kilomita ya kwanza iwe ya polepole kuliko zote. Watakupita wengi. Waache wapite.

Kama bado hujawa na uhakika wa umbali, changanya kukimbia na kutembea tangu dakika ya kwanza: dakika nne za kukimbia, moja ya kutembea. Ukingoja hadi uchoke ndipo utembee, umechelewa, kwa sababu kutembea kunafanya kazi yake misuli ikiwa bado mizima. Inua mkono na usogee pembeni kabla ya kupunguza mwendo, ili aliye nyuma asikuparamie.

Barabara nyingi zimeinama kuelekea kando ili maji ya mvua yateremke. Ukikimbia pembeni kilomita kumi, mguu mmoja unafanya kazi kama mfupi, na nyonga ya upande mmoja hulia kesho yake. Magari yakiwa yamezuiwa, kimbia katikati penye usawa, na kwenye kona fuata njia fupi. Wapimaji wa njia hupima mstari mfupi kuliko wote. Ndiyo maana saa yako husema umekimbia zaidi ya umbali uliotangazwa.

Mteremko ndio unaoniandikia Jumatatu mbaya. Kupanda kunachosha pumzi, lakini kushuka kunachana misuli ya mbele ya paja, kwa kuwa inajikaza huku ikivutwa. Nilipokuwa na miaka 58 nilijiachia mteremko wa kilomita mbili mwishoni mwa nusu marathoni, nikapita watu arobaini, na siku nne nilishuka ngazi nimekaa kitako. Fupisha hatua, ziwe nyingi na nyepesi, mwili uegemee mbele kidogo, na usibane breki kwa kisigino.

Maji: kadiri tunavyozeeka, kiu huchelewa kutuarifu, lakini kunywa kupita kiasi nako huzimua chumvi ya damu na kunaweza kuua. Njia yangu ni mizani. Mara kadhaa kwenye mazoezi marefu jipime kabla na baada. Ukipungua zaidi ya asilimia mbili ya uzito wako, umekunywa kidogo; ukiongezeka hata kidogo, umezidisha. Kwa kilo 62 zangu, kupungua nusu kilo hadi kilo moja ndiyo kawaida yangu, na hapo najua vikombe vinavyonitosha.

Ukishavuka mstari

Usisimame ghafla. Ukiwa unakimbia, misuli ya miguu inasaidia kusukuma damu kurudi juu; ukisimama, damu hutuama chini na presha huanguka. Nimewahi kumdaka mzee mmoja hatua tatu baada ya mstari, ameshavaa medali, uso umekuwa majivu. Endelea kutembea dakika kumi, na wanaomeza dawa za presha watembee hata zaidi. Badili fulana yenye jasho, kula ndani ya saa moja, na jioni tembea tena kidogo.

Jumatatu ni ngazi na daftari. Jumanne natembea nusu saa. Jumatano asubuhi, kabla sijatoka kitandani, nabana kano zote mbili za kisigino kwa vidole viwili, kuanzia chini kwenda juu. Zisipouma, navaa viatu na kukimbia dakika ishirini kwa mwendo wa kisa. Moja ikiuma, navirudisha viatu mlangoni hadi Ijumaa, kisha nabana tena.